Pikipiki ya Shemeji Msasa

Mdogo wa marehemu mume wangu hajapata kuchukua cha mtu, na ninaliandika hili mwanzoni kwa sababu wapo waliosema vinginevyo. Ni fundi wa kupaka rangi magari. Mtaani wanamwita Msasa, maana hawezi kuona kitu kina kovu akakiacha. Mlango wa choo changu aliusugua hadi ukang'aa, alipomaliza ndipo akaniomba ruhusa.

Alifanya kazi nchi jirani miaka mingi, akarudi na pikipiki aliyoinunua kwa bosi wake wa huko, yenye namba za kigeni. Ushuru alilipa mpakani, na cheti cha kufutiwa usajili wa kule alikuwa nacho. Ilibaki ikaguliwe, apewe namba za hapa. Lakini mwenye duka la pembeni, ambaye ulimi wake hauna kufuli, alikwishaanza kuwauliza wateja kama wamewahi kuona fundi rangi akirudi ugenini na pikipiki ya halali. Mimi nimefundisha nusu ya watoto wa mtaa huu. Jina la nyumba yetu halijawahi kupimwa pamoja na vitunguu.

Nikasema tutakwenda wote. Nilivaa gauni langu la mahafali. Yeye akaitoa pikipiki bandani imepakwa upya, buluu ileile iliyoandikwa kwenye cheti, ila sasa iling'aa hadi niliiona miwani yangu kwenye tangi.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja mtaratibu. Alisoma namba ya injini, akaridhika. Akachuchumaa shingoni mwa fremu, akapitisha kidole gumba, akakirudisha tena.

"Mzee, namba ya chasisi iko wapi?"

Msasa aliinama. "Ilikuwa hapo hapo."

"Hapa pako laini kama shavu la mtoto. Wezi ndio huacha hivi."

Nilijua kabla hajajitetea. Alikuwa ameziona tarakimu zilizochongwa kwenye chuma, mkono ukamwasha, akazijaza puti kama anavyojaza mikwaruzo ya magari ya watu. Mkaguzi akasema pikipiki itazuiwa na polisi wataitwa. Nyuma yetu kwenye foleni mtu akanong'ona kwamba siku hizi wezi wanasindikizwa na mama zao.

"Mimi ni shemeji yake," nilimwambia bila kugeuka. "Na mwizi gani anajileta ukaguzi na shati la pasi?"

Kisha nikamwomba mkaguzi amwache aivue rangi yake mwenyewe, mbele ya macho yake. Alifikiri kidogo, akakubali kwa sharti moja: chuma chochote kisiguse pale, asije akachonga namba ya uongo. Dawa ya kutoa rangi haikosi mfukoni mwa Msasa. Alipaka, akangoja ilainike, akaanza kukwangua kwa kijiti cha mti, uso umemkunjamana kama anayemshika mwanawe achomwe sindano. Rangi ilitoka, kisha puti, vipande vipande. Ikachomoza nne. Ikafuata saba. Hata yule wa foleni alisogea kuchungulia.

Mkaguzi alibandika karatasi juu ya chuma, akaisugua kwa penseli hadi namba yote ikajichora, akailinganisha na cheti tarakimu kwa tarakimu. Akatia sahihi.

"Kazi yako nzuri mno, mzee. Nyingine kama hii usiniletee."

Namba mpya zilipotoka, nilipanda nyuma, nikamwamuru asimame dukani, nikanunua chumvi ambayo nyumbani ilikuwepo. Mwenye duka aliinama, akaisoma namba pole pole, akanipa chenji kwa mikono miwili.

Lile doa la chuma bado lipo. Nilimwambia alipake rangi, linatutia aibu.

"Hapo sipagusi tena, shemeji," alisema. Hupapaka grisi tu pasishike kutu, na huyo ndiye Msasa. Wageni wakija, namwomba aegeshe upande ule ukielekea ukutani.