Kaburi Haliulizi Umepata Kazi

Keti hapo karibu na jiko, mwanangu, unisikilize wakati mvua ikinyesha. Sitakugombeza. Najua hutoki nje tangu majibu ya chuo ya kukunyima kazi yaingie kwenye simu yako, na umemwambia mama yako kwamba kesho huendi Kawetele kuchimba kaburi. Sababu yako naijua. Iliwahi kuwa yangu.

Nakumbuka wakati nilipokuwa nimerudi hapa Lupepo na shahada yangu ya isimu. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa amenidokeza kwamba itatangazwa nafasi ya mkufunzi msaidizi, atakayesomea shahada ya pili huku akitafiti lugha za kwetu. Nafasi moja tu. Nikaanza kuandaa andiko la utafiti, na unajua nilichagua nini? Maneno ya kuomboleza ya mama zetu wa Kinyakyusa: wanavyomwita marehemu, wanavyomlaumu kwa kuondoka bila kuaga. Nilijifungia chumbani nikiandika hayo, na misiba yenyewe ikapita nje ya dirisha. Huku kwetu, wewe unajua, ukikosa harusi watu husahau; ukikosa msiba, hawasahau. Lakini kila nilipotokea waliniuliza, "Mwalimu wa chuo, unaondoka lini?" Nikaona heri nionekane siku barua ya kazi itakapofika.

Basi akafariki mama yake Ipyana, rafiki yangu wa utotoni, huyu huyu Ipyana tunayemzika kesho. Asubuhi hiyo baba mkubwa Ambakisye, mchuma chai ambaye hakujua kupiga hodi, akaingia na jembe begani.

"Ugonile, msomi," akanisalimu. "Unaandika nini?"

"Andiko la utafiti, baba mkubwa. Jinsi mama zetu wanavyoomboleza."

"Na leo wanaomboleza wapi?"

Nikaifunika kalamu.

"Ukipata hiyo kazi utakuja kutuuliza tulilia vipi?"

"Naona aibu, baba mkubwa. Wataniuliza kama nimepata kazi."

"Watauliza, midomo ni yao. Kaburi haliulizi umepata kazi. Linataka wachimbaji. Vaa viatu."

Nikamfuata. Vijana wenzangu walikuwa shimoni, shimo limewafika magotini.

"Jamani, profesa kaja!" mmoja akapiga kelele. "Umekuja kuchimba au kuandika?"

"Mpeni kalamu yake!" akadakia mwingine, akanirushia sepetu.

Wakacheka, maana hata makaburini vijana hucheka. Nikashuka. Baada ya mazishi Ipyana akanishika mkono uliojaa malengelenge, akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Habari za kazi hakuniuliza.

Sasa hapa, mwanangu, mzee mwingine angekudanganya kwamba baraka za msiba ule ziliniletea kazi. Hazikuniletea. Nafasi alipewa mwingine. Nikaomba tena, miaka ikaenda. Ukitaka ukufunzi, wanataka alama za juu kuliko zako. Ukitaka uhadhiri, wanataka shahada ya pili. Shahada ya pili inataka ufadhili, na mfadhili anamtaka mtu ambaye tayari ana makala zilizochapishwa. Ni kama kuambiwa uonyeshe maji kwanza ndipo upewe ndoo. Subira huvuta heri, nakubali, ila hakuna aliyeniambia inaivuta kutoka umbali gani. Nikafundisha sekondari mpaka nikastaafu. Na maombolezo yale hakuna aliyeyaandika. Wengi walioyajua tumekwisha kuwazika, na siku hizi msibani spika inapiga kwaya tangu asubuhi.

Wala sikuoni wewe ukiwa na njia rahisi kuliko yangu. Matangazo yanakufikia kiganjani, lakini nafasi ni ile ile moja, na mnaoigombea mmekuwa wengi. Hapo sina tumaini la kukupa, na sitaki kukupa la uongo.

Ninachokijua ni hiki kimoja. Mama yangu alipofariki, wa kwanza kushuka shimoni alikuwa Ipyana. Mgongo ulikuwa umeshaanza kumsumbua, nikamwambia awaachie vijana. Akanijibu, "Profesa, nyamaza. Hii zamu yangu." Chuo hakikuniita profesa hata siku moja. Ipyana aliniita hivyo maisha yake yote, na tangu jana hakuna wa kuniita tena.

Kwa hiyo, mwanangu, endelea kuomba. Tangazo likitoka, jibu. Wakikukataa, lia kidogo, kisha rekebisha andiko lako utume tena. Lakini usiwafiche watu uso wako mpaka upate kazi, kwa maana huenda usipate, na watu ndio utakaobaki nao. Wakikuuliza kesho, waambie, "Bado." Ni neno fupi, na ukilisema mara ya pili haliumi kama mara ya kwanza.

Mungu akufungulie mlango ambao mimi niliugonga mpaka mkono ukachoka. Na asipoufungua, asikuache peke yako hapo nje.

Mikono yangu haikamati tena jembe sawasawa. Sepetu iko nyuma ya jiko. Kesho asubuhi ichukue, uvae buti, twende Kawetele.