Sale la Daktari

Chekeni tu, mimi mwenyewe nikikumbuka najifunika kanga usoni. Enzi za Mwingereza kulikuwa na daktari Mzungu pale Sekei, kazi yake kukusanya majani ya mlima mzima, anayakausha, anayatwanga, anayapeleka kwao Ulaya wayaloweke, maji yake wayadondoshee chembe za damu yenye kansa waone kama zitakufa. Mchumaji wake mimi. (Nilikuwa nimerudi kwa mama yangu, maana mama mkwe alisema mbele ya watu eti loshoro yangu ya mahindi na maziwa ya mgando hata mbwa anainusa anapita. Nikaapa sirudi kwa mume mpaka mama mkwe aniletee sale. Naye akaapa vilevile.)

Sale si mnalijua, lile jani refu la mpakani. Kwetu ukimpelekea mtu umeshamwomba msamaha, naye hana ruhusa ya kukataa.

Basi daktari, kwa Kiswahili chake cha puani: "Mama, mimi nataka kila jani! Hata ile ya mpaka! Hapana kunja!" Nikakata sale, kapu limejaa, nikasema ah, nalishika tu mkononi. Na njia ya Sekei inapita mlangoni kwa nani? Kwa mama mkwe, na siku hiyo wanawake wa kanisani wako kwake wanachuma kahawa.

Mara yowe: "Uuuwi! Njooni! Mke wa mwanangu kaleta sale!" Vigelegele! Kalinyakua, kanikumbatia, analia mpaka kamasi, "Mwanangu, nimekusamehe kabisa!" Kunisamehe mimi! Nafungua mdomo nieleze, huyo daktari anakuja kunipokea, kaona jani lake, kalidaka ncha: "Hapana! Hii ya kutafuta dawa ya damu! Lete!" Mama mkwe anavuta huku, Mzungu anavuta kule, wanawake wanashika vichwa, maana sale likirudishwa ugomvi hauponi tena, na mume wangu ndiyo basi. (Na mume nilikuwa namtaka, mnafikirije?)

Ikabidi nipige magoti kwenye tope, nipaze sauti: "Bwana daktari, mwachie! Nimemwomba mama msamaha!"

Jioni nikapika loshoro. Mama mkwe kala, kafuta mdomo: "Leo afadhali."

Daktari nilimkatia sale lingine. Majibu ya Ulaya yalipokuja akanifuata, kanuna: "Mama, ile jani ya mpaka hapana kuua kitu."

"Hilo la pili, bwana," nikamwambia. "La kwanza liliniua mimi mchana kweupe."

Tangu hapo nikikata sale nalitia chini kabisa ya kapu, juu naweka ndizi, na kwa mama mkwe napita nikikimbia.