Lundo la Pamba

Juzi niliingia kwa fundi wa magodoro pale Kagongwa, na harufu ya pamba mbichi, ile yenye vumbi na mafuta ya mbegu, ikanisimamisha mlangoni.

Nyumbani kwetu, msimu wa mavuno, chumba kimoja kilijaa pamba hadi nusu ya ukuta. Mimi na kaka yangu tulipanda juu ya ukuta wa kati, usiofika paani, tukairukia. Sharti la mama lilikuwa moja tu: tuoshe miguu kwanza, maana pamba ikichafuka huitwa fifi, na mnunuzi huikunjia uso. Tulizama mpaka masikioni, tukaibuka na mbegu kwenye nywele.

Jioni moja nilikuwa nimeshaosha miguu mama aliponishika mkono.

"Wewe, ng'waniki, msichana wangu, baki hapa."

"Nimefanya nini, mama?"

"Hujafanya kitu. Umekua tu." Akanifunga kanga yake kiunoni. "Njoo tusonge ugali."

"Mbona kaka anaruka? Si ndiye mkubwa?"

"Kaka yako ni mwanamume."

Hakusema kwa ukali, ndiyo maana nilikosa hata sababu ya kulia. Nilishika mwiko huku nikimsikia kaka akitua, pu, kisha akiniita nifanye haraka. Akaita tena. Miguu yangu ilikaukia jikoni.

"Godoro lako bado, mama," fundi akaniambia. "Utangoja?"

Nilitazama lundo lake, jeupe, limefika dirishani.

"Nitangoja," nikamjibu, nikivua viatu. "Una maji ya kuoshea miguu?"