Aliyetupungia Mkono Kwenye Laga

Wewe unayefunga mkoba kuja Isiolo kutazama wanyama, kaa chini kwanza. Haya sikuhadithiwa na mtu. Tuliyaona watu wanne, tukiwa na akili zetu, jua bado likiwa juu. Ukitaka kucheka, cheka tu. Wageni wetu nao walianza kwa kucheka.

Mjukuu wangu Talaso ni dereva wa watalii. Msichana, ndiyo! Land Cruiser anaiendesha kama baba yake anavyoongoza ngamia: hapigi kelele, nayo inamtii. Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini akipita mtaani kwetu Kiwanjani na gari lile natoka mlangoni makusudi, majirani wajue bibi yake ni nani.

Siku hiyo alikuwa na bwana mmoja na mkewe kutoka Nairobi. Kabla ya kuingia mbugani walitaka wapite kwa mwanangu, wanywe maziwa ya ngamia. Nikaenda nao, kwa sababu mgeni hapelekwi bomani bila mtu wa kumtambulisha. Yule mama alivaa nyeupe tupu. Tulipofika alikuwa na rangi ya barabara. Kwa hiyo wewe njoo na nguo ya rangi ya vumbi, na kitambaa cha kufunga pua. Mafuta ya gari jaza mjini. Maji beba unayodhani yatatosha, halafu ongeza mengine. Manukato acha nyumbani, nyuki wa huku hawana mzaha. Na usimpige mtu picha kabla hujamwomba. Hata ngamia ana mwenyewe.

Tulipokuwa tukirudi tulifika kwenye laga. Laga ni mto wa mchanga mtupu, mkavu, mpaka mvua inyeshe mbali. Hapo maji huja bila kukuarifu. Kwetu hapakuwa na tone. Lakini upande wa milima ya Meru mbingu ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Talaso akasimamisha gari aangalie.

"Lango litafungwa," yule bwana akasema. "Chumba chetu kiko ndani. Twende."

Ndipo tukamwona mtu ng'ambo, mzee wa shuka jeupe na fimbo ya kuchungia, anatupungia mkono tuvuke. Akavuka yeye, akaja mpaka dirishani kwangu. Mifugo hakuwa nayo.

"Piteni, akoo," akaniambia kwa Kiborana. Akoo ni bibi. "Mchanga ni mgumu. Nimepita sasa hivi."

Sauti tamu, amini usiamini, kama ya kaka yangu marehemu. Nikampa mkono. Lo! Baridi kama soda ya kwenye friji. Nikajiambia labda amenawa. Anawe wapi, huku?

Nikaanza salamu. Sisi hatusalimiani neno moja tukaachana. Nakuuliza kama una amani, watoto wana amani, ng'ombe, mbuzi, malisho, kisima. Nawe unaniuliza yote hayo, hata kama nyumba yako inaungua nyuma yako. Yule akanijibu kila kitu. Amani. Amani. Amani. Kisha akanyamaza. Nikangoja aniulize. Kimya. Nikarudia mbuzi. "Amani." Kimya tena. Hata mwizi aliyekuja kuiba mbuzi wako hukuuliza kwanza kama hawajambo! Huyu ni mtu gani asiyetaka kujua hata mvua imenyesha wapi? Nikachungulia mchanga alioukanyaga. Laini kama unga, na haukuwa na alama ya mguu.

"Talaso, zima gari."

"Akoo, mzee amesema kuko sawa."

"Hajaniuliza habari ya mtu hata mmoja. Zima!"

Bwana wa Nairobi akacheka. "Shosho, yaani tulale porini kwa sababu hujajuliwa hali?" Mkewe naye akacheka mpaka akashika mbavu.

Talaso hakucheka. Kazi ilikuwa mpya, na mwajiri wake alikuwa amemwonya kwamba wageni wakilalamika, anarudisha funguo. Niliuona mkono wake ukienda kwenye gia. Basi nikafungua mlango, nikashuka na magoti yangu haya mabovu, nikakaa chini mbele ya gari, mgongo kwenye bampa.

"Pita sasa," nikasema.

"Akoo, utanifukuzisha kazi!"

"Kazi utapata nyingine. Mimi Talaso mwingine nitamtoa wapi?"

Yule mzee hakukasirika. Alirudi kinyumenyume mpaka katikati ya laga, anatabasamu, anapunga mkono. "Piteni, akoo. Mchanga ni mgumu." Maneno yale yale, sauti ile ile, kama redio.

Kisha nikasikia ngurumo kama malori mengi yakiteremka. Maji yakaja, mekundu, yamebeba miti mizima na mbuzi aliyekufa. Yakapita pale pale ambapo gari letu lingekuwa. Bwana alikuwa ananigombeza. Akamgeukia mkewe, akamshika mkono.

Na yule? Wallahi, alikuwa bado amesimama katikati. Maji yale yangemfunika fahali, yeye yalimfika kwenye kifundo cha mguu, shuka lake kavu. Anapunga mkono. "Piteni." Mama wa Nairobi akaanza kusali kwa dini yao, mimi nikasoma dua za kwetu. Talaso akanivuta ndani, akarudisha gari nyuma mpaka juu kwenye mawe. Nilipotazama tena, yalikuwa maji tu.

Tulilala kwa mwanangu. Yule bwana aliniuliza habari za watoto wangu wote, akafika mpaka kwa ndama. Malalamiko hakupeleka popote.

Asubuhi maji yalikuwa yamekwisha. Talaso akasema atazunguka njia ya mbali. Nikamkatalia. Barabara ile babu zake waliikanyaga na ng'ombe wao, iweje tumwachie yule? Tukapita pale pale, dirisha langu wazi, namwita atoke. Hakutoka.

Mkono huu wa kulia haujapata joto tangu siku hiyo. Hospitali wamenipa dawa ya mishipa, nimeimeza yote. Maziwa ninayokamua kwa mkono huu hayagandi. Na sokoni Oldonyiro wachungaji wameniambia kuna mzee wa shuka jeupe anayevusha watu laga nyingine huko.

Sikukatazi kuja. Njoo, twiga wapo, na Talaso atakuendesha. Lakini mbingu ya Meru ikiwa nyeusi, simama kwenye laga hata kama ni kavu. Akitokea mtu wa kukuvusha, mpe salamu ndefu, kisha unyamaze. Aliye mtu atataka kujua umetoka wapi na mama yako anaendeleaje. Asipouliza, rudisha gari nyuma. Lango na lifungwe. Chumba kilale peke yake.