Diski Mbili za Baba

Kompyuta ya baba inawaka vizuri sana siku hizi. Kila nikienda Iringa kumsalimia, huibonyeza mbele yangu, huhesabu kwa vidole mpaka picha itokee, na hafiki kumi. Kisha hunigeukia kwa fahari: "Kazi ya kaka yako hiyo." Mimi huinua kikombe, nikanywa chai yangu, nikanyamaza. Nimenyamaza mara nyingi mpaka nimechoka, ndiyo maana naandika.

Fundi kompyuta katika familia yetu ni mimi, mtoto wa kike. Nina duka langu Uyole, karibu na soko, ninachapa barua za watu, natoa kopi, na nyuma ya pazia nina meza ya kutengenezea mashine zilizokufa. Kaka yangu, kifungua mimba, anaishi Ilomba na anafanya kazi ofisini. Printa ikikwama huko kwao, huita mtu. Mara mbili mtu huyo nilikuwa mimi. Lakini kwa baba, kaka ndiye anayejua kompyuta, kwa sababu anakaa mbele yake akiwa amevaa tai.

Miezi michache kabla mama hajafariki, nilikaa naye jikoni tukichambua maharage, nikaiwasha simu inirekodie. Aliongea karibu saa nzima, Kihehe na Kiswahili vikiwa vimechanganyika. Alisimulia suti ya kuazima aliyovaa baba siku ya harusi yao, akacheka mpaka akakohoa. Katikati alisimama kuwafokea kuku. Aliwataja wajukuu mmoja mmoja kwa majina ya utani aliyowapa mwenyewe. Simu ilikuwa imejaa, hivyo siku hiyohiyo nikaihamishia sauti ile kwenye kompyuta ya baba, pale sebuleni, chini ya kitambaa alichokifuma mama mwenyewe.

Sikuweka nakala nyingine. Nalisema hili wazi ili nisionekane namlaumu mwenzangu peke yake. Mimi ninayewagombeza wateja kila siku kwamba kitu cha maana kiwekwe sehemu mbili, mama yangu nilimweka sehemu moja.

Mwaka ulipotimia tangu afariki, ukoo ukakubaliana tulijengee kaburi lake. Baba aliomba jambo moja tu: Jumamosi, baada ya ibada na chakula, watu wote wakae sebuleni wasikilize sauti ya mama. Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa imeanza kugonga ndani, tik, tik, na mlio ule fundi yeyote anaujua. Diski inaaga. Nikanunua diski mpya. Nia yangu ilikuwa kuiweka kando ya ile ya zamani, nihamishe kila kitu, halafu nimkabidhi baba mashine salama.

Nilifika Alhamisi mchana. Nikafungua kasha, nikaifunga diski mpya, nikawasha. Kioo kikawa cheusi, na maneno ya Kiingereza juu yake yakisema hakuna diski ya kuanzia. Sikushtuka. Nilikuwa nimeuchomeka waya wa diski mpya kwenye nafasi ya kwanza, na mashine ilikuwa inaiuliza diski tupu ambayo haikuwa na jibu. Niliingia kwenye mipangilio, nikaziona diski zote mbili, nzima. Kilichobaki kilikuwa kuitanguliza ile ya zamani na kuhifadhi. Dakika mbili.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Umeniulia mashine, mama."

"Sijaiua, baba. Inatafuta pa kuanzia tu. Subiri kidogo, utaiona."

"Hapana, usiguse tena. Kaka yako anakuja kesho."

"Baba, dakika mbili."

"Nimesema usiguse."

Akaizima mwenyewe ukutani, akaifunika kwa kitambaa. Ningeweza kuamka alfajiri nikaimaliza. Sikufanya hivyo. Kwetu, baba akishasema acha, unaacha, hata ukiwa na watoto wako na duka lako. Nilimkasirikia, na nilijikasirikia zaidi kwa jinsi mikono yangu ilivyotii upesi.

Kaka alifika Ijumaa, na flashi mfukoni. Baba wadogo wawili walikuwa tayari wamekaa kwenye makochi. Aliiwasha, akakitazama kioo mara moja, akatoa hukumu.

"Hii dawa yake ni kupiga Windows tu."

Ndiyo dawa ya kila ugonjwa kwa mafundi wa namna yake. Kompyuta nzito, piga Windows. Haina sauti, piga Windows. Yaani futa, weka upya, mrudishie mwenyewe. Nilitaka kumnyang'anya flashi. Lakini mbele ya baba wadogo, mdogo hamsahihishi kifungua mimba. Unamwita pembeni, unamwambia huko. Ndivyo tulivyolelewa wote wawili, na yeye anajua hivyo.

"Kaka, samahani, njoo mara moja hapa nje."

Hakugeuka. "Sema hapa hapa, nakusikia."

"Ni jambo dogo tu. Njoo."

"Hebu nenda kawasaidie jikoni. Wageni wana njaa."

Baba mdogo mmoja akacheka. "Mwache mwanamume afanye kazi yake."

Nikaenda jikoni. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilikwenda. Nilikata nyanya za Ilula beseni zima, sebule iko hatua kumi, na mtu mle ndani anamfuta mama yangu. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuzima umeme wa nyumba nzima. Nilikata nyanya.

Baadaye nikasikia makofi na kigelegele cha shangazi. Kaka alikuja mlangoni akijifuta jasho, akaniambia: "Kumbe mlikuwa na diski mbili. Moja tupu kabisa, nikajua ndiyo mbovu. Nikaifuta ile nyingine nikaweka upya."

Nilimvuta nyuma ya nyumba, safari hii akaja. Nilipomweleza kilichokuwemo alifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia. Kisha akasema, "Usinitie aibu mbele ya wazee. Sema faili liliharibika."

Jumamosi watu walijaa mpaka barazani. Baba alikuwa amevaa suti. Alikaa kiti cha mbele, akaniita kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba.

"Njoo, mama. Tufungulie mama yako."

Nilikaa mbele ya kioo, nikashika kipanya, nikafungua mahali palipokuwa na sauti. Patupu. Nikamtazama kaka. Alikuwa anasoma maandishi kwenye chupa ya soda.

"Faili limeharibika, baba."

Baba aliinamisha kichwa, akatikisa taratibu.

"Si nilikwambia usiguse?"

Jumapili, wageni walipoondoka na kaka akiwa ameshapanda basi, nilifanya kazi niliyoikusudia Alhamisi. Niliweka mfumo kwenye diski mpya, nikaitanguliza, nikawasha. Ikawaka papo hapo. Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kaka yako kaitengeneza kweli," akasema. Diski ya zamani niliifunga kwenye khanga, nikarudi nayo Uyole.

Wiki tatu nilihangaika nayo kwa programu za kufukua vilivyofutwa. Vingi vilikuwa vimeshafunikwa na Windows ya kaka. Mwishowe kikapatikana kipande cha mwanzo wa rekodi, cha sekunde chache. Niliufunga mlango wa duka mchana kweupe, nikavaa spika za masikioni. Nikasikia maharage yakimwagwa kwenye ungo. Nikasikia kuku kwa mbali. Halafu sauti ikaja karibu kabisa, na ilikuwa yangu.

"Haya mama, ongea tu. Usiogope, mimi nipo, haitapotea."

Mama akavuta pumzi ili aanze, na kipande kikaishia hapo.