Barua ya Mjumbe

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, niliomba kibali cha kuishi nchini, kwa kuwa nilikuwa Mmalawi niliyeoa Tandale na kuzaa hapo watoto wawili. Ofisini wakataka barua ya mjumbe wa nyumba kumi, ithibitishe kuwa nimeishi mtaani miaka mitatu mfululizo.

Mjumbe nilizoea kucheza naye bao.

"Shemeji, wewe si unapitaga tu hapa?" alisema. "Leo Tunduma, kesho Mombasa, mitumba begani."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alimgeukia mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele.

"Dada, nikiandika miaka mitatu, nitakuwa nimesema kweli?"

Nilimwomba mke wangu kwa macho. Ndiyo moja tu ingetosha.

"Huyu wetu wa pili, kaka, baba yake alimkuta ameshaota meno," alijibu, bila kuinua uso kwenye ungo.

Mjumbe akafunika kalamu yake taratibu.

Kibali sikupata, nikaambiwa niondoke. Nimesafiri sana maishani, kila mara nikijifungia begi mwenyewe, lakini asubuhi ya kuondoka mke wangu ndiye aliyenifungia begi, na mimi ndiye niliyekuwa nikichelewa makusudi kuvaa viatu.