Twiga Aliyevishwa Bangili

Watu wakisikia kwamba nilijifunza kuchonga nikiwa Riyadh wanacheka. Wewe ulikwenda kufua na kupika, wanasema, kuchonga ulichonga saa ngapi? Nilichonga Ijumaa baada ya chakula cha mchana, familia nzima imelala, mimi niko juu ya paa nasubiri nguo zikauke. Nusu saa, mara chache saa nzima. Na anayeona nusu saa ni kitu kidogo, huyo hajawahi kuishi mahali ambapo pasipoti yake iko kwa bosi, simu yake iko kwa madam, na hata uvungu wa kitanda anacholalia umejaa maboksi ya wenye nyumba.

Mimi ni binti wa mchongaji. Kwetu Ukambani baba alichonga, kaka zangu wakachonga, na sisi wasichana tukapewa msasa. Tulisugua swala na vifaru mpaka vidole vikatoka malengelenge, tukawapaka kiwi ya viatu wakang'aa, lakini kushika tezo, kile kishoka cha kuchongea, ilikuwa mwiko. Ukiuliza sababu, unaambiwa mwanamke atajikata. Mwanamke huyohuyo aliyeshika panga shambani tangu yuko mdogo! Jambo hilo liliniudhi utoto wangu wote. Hata ajenti alipokuja kutuandikisha kazi za Uarabuni, enzi zile walipokuwa wakitusafirisha kwa makundi, sikuwa nimewahi kutengeneza mnyama hata mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nyumba niliyopelekwa ilikuwa na mwarobaini uani. Siku moja mtu wa bustani aliupunguza matawi, akayarundika karibu na geti. Nilipopita na ndoo, nikanusa banda la baba. Ni mti uleule anaoutumia. Nikachagua kipande kinene kama mkono wangu, nikakiingiza kwenye kapu la nguo chafu na kupanda nacho juu.

Kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba mti ni mti popote. Kwetu kipande kibichi hukaa kivulini wiki nyingi na hakidhuriki. Nami nikakiacha kivulini, kando ya kamba za nguo. Hewa ya Riyadh ni kavu kupita kiasi. Siku ya tatu nikakikuta kimepasuka juu mpaka chini. Cha pili nikakizungushia tambara bichi na mfuko wa plastiki, nikakificha chini ya sinki, nikawa nakifunua kidogo kidogo kila siku mpaka kikauka bila ufa. Hilo sikufundishwa na mtu, na nilijisifu sana.

Kisu changu kilikuwa cha kumenyea viazi. Msasa aliniletea dereva wa nyumba, mzee wa Kipakistani, kutoka soko la Batha, na wala hakuuliza ni wa nini. Raha niliyoipata siwezi kuieleza yote. Kisu kikifuata mishipa ya mti, ganda linajikunja lenyewe na kuanguka mapajani. Kikienda kinyume, mti unakataa, na mkono unajua kabla ya jicho. Nilikuwa namchonga twiga, na shingo yake ndiyo kazi hasa: ukiharakisha inavunjika, ukiogopa inabaki nene kama ya punda. Na katika nusu saa hiyo hakuna aliyeniita. Nilisahau hasira zangu, nami ni mtu wa hasira nyingi.

Ilinichukua miezi mitano. Alitoka mrefu kama chupa kubwa ya maji, kichwa amekiinamisha kidogo upande, na vile vipembe viwili nilivichonga nikiwa nimezuia pumzi. Alikuwa kitu pekee ndani ya nyumba ile nilichoweza kukiita changu. Nilitaka nimpeleke kwa baba, nimtie mkononi mwake bila kusema neno, halafu nimwambie nimemchonga mimi.

Shule zilipofungwa tulikwenda Jeddah kwa mama yake madam, kwenye nyumba ya zamani mtaa wa Hindawiyah. Nilimfunga twiga ndani ya fulana na kumweka katikati ya begi. Tulipofika, madam alilifungua begi langu, kama alivyofanya kila safari, akitafuta sijui nini. Alipomgusa twiga akamtupa juu ya kitanda.

"Hii nini? Sihiri?"

"Siyo sihiri, madam. Ni twiga, nimemchonga tu."

"Kwa nini umemficha?"

"Sikumficha. Nimemfunga asivunjike."

Akamwita mumewe. Nilisimama kwenye korido nikimwomba Mungu, kwa sababu nilikuwa nimesikia jinsi wenzangu waliosingiziwa sihiri walivyofungwa jela. Bosi alimgeuza twiga huku na huku, akamnusa, akasema hakuna sihiri hapa, ni sanamu tu, ila sanamu yenye kichwa haikai nyumbani. "Kata kichwa, halas, yameisha."

Sasa, sebuleni mwa nyumba hiyohiyo, ndani ya kabati la vioo, kulikuwa na ngamia wa dhahabu. Ana kichwa, ana macho, hata kope anazo, na mimi ndiye niliyempangusa vumbi kila tulipokuja. Nikauliza kwa adabu yote niliyokuwa nayo, "Madam, na yule ngamia?"

"Yule tulimnunua dukani."

Nikilikumbuka jibu hilo damu inanichemka mpaka leo. Sina ugomvi na dini ya mtu. Jirani yetu nyumbani ni Mwislamu, haweki sanamu ya aina yoyote, wala picha ukutani, na namheshimu kwa hilo. Lakini hawa walikuwa na sheria yao nyingine: cha dukani ni pambo, cha mkono wa mfanyakazi ni uchawi.

Bosi akaenda kutafuta nyundo. "Baba," nikamwambia, maana ndivyo tulivyotakiwa kumwita, "nipe kisu, nitamkata mwenyewe." Nikakata chini kidogo ya taya, nikizungusha polepole ili shingo isichanike. Hata kumharibu nilimharibu vizuri. Madam akakitia kichwa kwenye mfuko wa taka, akampa dereva akautupe mbali.

Nilidhani mwili nao umetupwa. Tuliporudi Riyadh nikaingia chumbani kwa madam kupanga meza ya vipodozi, nikamkuta twiga wangu mbele ya kioo. Shingo yote imejaa bangili za dhahabu, kutoka mabegani mpaka pale nilipokata. Tangu siku hiyo ikawa kazi yangu kila asubuhi kuzivua, kumpangusa, na kumvisha tena.

Jioni moja dada yake madam akaja kutembea. Wakaingia chumbani kutazama vitambaa, nami nikawafuata na sinia la kahawa. "Kizuri hiki," dada akasema, akimshika twiga. "Umekipata wapi?"

"Nilikinunua," madam akasema. "Kazi ya Afrika."

Nilimimina kahawa nikisubiri anitazame, angalau mara moja. Hakunitazama.

Kesho yake madam akanifuata jikoni, sauti laini ya mtu anayekuja kuomba chumvi. Dada zake wanataka vya namna ile, kila mmoja chake. Matawi yako mengi uani. Atanipa saa nzima kila siku, na kisu kizuri. "Bila vichwa tu," akasema.

Sitadanganya, vidole vilinisisimka. Saa nzima kila siku, na kisu cha kweli, na ruhusa. Hata baba hakuwahi kunipa hivyo. Kisha nikajisikia nikisema, "Madam, mimi sijui kuchonga. Yule ulimnunua."

"Yalla, maliza vyombo," akasema, akatoka.

Nilitegemea kufurahi. Badala yake nilisugua sufuria moja mpaka maji yakapoa, nikijitukana kimoyomoyo. Kichwa cha twiga kilishatupwa, bosi alishasahau habari zake. Tuliobaki tukijua ni nani aliyemchonga mnyama yule tulikuwa madam na mimi, na sasa sote wawili tulikuwa tumekana.